Kaka yake ndiye anayemsikilizia darasani. Nimpeleke binti yangu shule ya bweni ya viziwi?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mvulana wa miaka 11 na msichana wa miaka 8. Binti yangu ni kiziwi. Hakuzaliwa hivyo. Kabla hajatimiza miaka 2 aliugua homa ya uti wa mgongo, akalazwa, na tuliporudi naye nyumbani tulishukuru kwamba amepona. Baadaye nikaanza kuona kwamba nikimwita akiwa amenipa mgongo, hageuki. Vipimo vikaonyesha masikio yote mawili yameharibika sana. Alipewa shimesikio, vile vifaa vya kuvaa sikioni vya kukuza sauti, na anazivaa, lakini hata akiwa nazo anasikia mlango ukibamizwa au honi ya gari. Maneno hayamfikii.

Yuko darasa la pili katika shule ya kawaida, hiyohiyo anayosoma kaka yake. Mwalimu wake ni mtu mwema, sina la kumlaumu. Amemkalisha dawati la mbele na hamkaripii. Binti yangu ana mwandiko mzuri kuliko darasa zima. Ananakili ubaoni bila kukosea herufi, hata wageni wakija, daftari lake ndilo linaloonyeshwa. Lakini jioni nikilifungua na kumwonyesha neno moja, hajui ni nini. Amelichora tu.

Mwalimu akitaka kumweleza jambo, anatuma mtoto kwenda darasa la tano kumwita kaka yake. Hawa wawili tangu wadogo wamejitungia ishara zao, wanaelewana mpaka wakati mwingine mimi mwenyewe naachwa nyuma. Mwanzoni aliitwa mara mojamoja. Siku hizi anaitwa mdogo wake akilia, akigombana na wenzake, akiwa hajaelewa zoezi, yakitolewa matangazo ya kufunga shule. Muhula uliopita aliitwa katikati ya mtihani wa hisabati, na aliporudi muda ulikuwa umekwisha. Hakusema kitu nyumbani, nilikuja kuambiwa na mwalimu wake. Tangu hapo amebadilika. Asubuhi anatangulia njiani na hamsubiri mdogo wake. Juzi aliniomba nimhamishe shule. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu, "Nataka shule ambayo hawajui kama nina mdogo."

Mwalimu mkuu alituita mimi na mume wangu. Akatuambia kuna shule ya bweni ya watoto viziwi, ni safari ya kutwa nzima kwa basi, na nafasi imepatikana kwa muhula ujao. Anasubiri jibu letu.

Mume wangu hataki kusikia. Anasema huko watoto wanaongea kwa mikono, na mtoto akizoea mikono, ulimi unalala. Kila jioni anamkalisha mbele yake na kumtamkisha: baba, mama, maji. Kuna maneno machache anayatoa, ila mtu wa nje hawezi kuyaelewa. Mama mkwe naye amesema mbele ya watu kwamba mimi nimemchoka mtoto.

Na mimi naogopa, Shangazi. Usiku akiumwa, mimi ndiye ninayejua kwa kumtazama kama ni tumbo au ni jino. Huko atajua nani? Nasikia habari za watoto wanaoharibiwa bwenini na watu wazima waliopewa kuwalea, na wangu hana hata namna ya kunisimulia.

Lakini kuna jambo halinitoki. Tulipokwenda kliniki ya masikio tulikuta mtoto mwingine kiziwi wa umri wake, amekuja na mama yake ambaye naye ni kiziwi. Wale wawili walikuwa wanaongea kwa mikono haraka haraka. Binti yangu hajui lugha yao, lakini alisogea, wakamkaribisha, na baada ya muda alikuwa anacheka kicheko ambacho nyumbani sikisikii. Wakati wa kuondoka aling'ang'ania benchi. Njia nzima nilikuwa na hasira, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Nibaki naye hapa, au nimpeleke kwa wenzake? Na huyu kijana wangu nimfanyeje?

Mama wa wawili

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mtu aliyemchoka mtoto haandiki hivi. Anayejua kwa kumtazama tu usoni kama ni tumbo au ni jino, huyo amekesha sana. Maneno ya mama mkwe yaweke pembeni kwa sasa, tutayarudia.

Umeniuliza kuhusu mahali: hapa au kule. Mimi kabla ya mahali naona jambo jingine. Binti yako ana miaka 8, na katika dunia nzima kuna mtu mmoja anayeweza kuzungumza naye kwa urefu, naye ni mtoto wa miaka 11. Wewe unamwelewa, lakini kumwelewa mtoto anapoumwa ni kitu kimoja, na kukaa naye mkaongea kuhusu alichoota, kwa nini mwezi unakua, au kwa nini bibi amekasirika, ni kitu kingine. Hilo la pili ndilo linalojenga akili ya mtoto, na kwa barua yako nadhani hajawahi kulipata kwa mtu mzima yeyote. Ndiyo sababu daftari lake linapendeza na halina maana kwake. Mtoto anayesikia anapojifunza kusoma, neno lililoandikwa linakutana na neno ambalo tayari limo kichwani mwake. Kwa binti yako hakuna neno linalolisubiri lile la ubaoni. Usimwone mzito. Mtoto aliyeweza kutunga ishara na kaka yake ana akili inayotafuta mlango.

Yako mengi yanayojulikana kuhusu watoto kama yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, nchini Nicaragua, watoto viziwi waliokuwa wametawanyika majumbani, kila mmoja na ishara zake za nyumbani, walikusanywa katika shule jijini Managua. Walimu walitaka kuwafundisha kutamka Kihispania, na hawakufanikiwa sana. Lakini uwanjani na ndani ya basi watoto walichanganya ishara zao, na wadogo waliofuata wakazikamilisha, mpaka ikazaliwa lugha kamili ya alama yenye sarufi yake. Wataalamu wa lugha bado wanaichunguza hadi leo. Ninakueleza haya kwa sababu ya kile kicheko cha kliniki. Binti yako alikutana na watu ambao kwao hakuhitaji kubahatisha, na mwili wake ukalijua hilo kabla ya kichwa chako kulikubali.

Sasa baba yake. Nakuomba usimhesabu kama kikwazo. Mwanamume anayekaa na bintiye kila jioni kumtamkisha ni baba anayetaka aitwe na mwanawe, na hofu yake ni ya zamani kuliko yeye. Mwaka 1880 walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali walikutana Milan, Italia, na karibu wote walikuwa watu wanaosikia. Waliazimia kwamba watoto viziwi wafundishwe kwa kutamka, na lugha ya alama ikafukuzwa katika shule nyingi kwa sababu hiyohiyo anayoisema mumeo. Watoto walikatazwa kutumia mikono, na wengi wakamaliza shule bila matamshi mazuri wala lugha ya kufikiria. Mwaka 2010 mkutano uleule wa kimataifa, safari hii ukiwa Vancouver, Kanada, uliyakataa rasmi maazimio ya Milan na kuyajutia madhara yake. Alama haziui ulimi. Mtoto mwenye uwezo wa kutamka anaweza kuendelea kutamka huku ana lugha ya mikono, na ile lugha ya mikono inampa kitu cha kusema.

Pengine maneno yangu hayatamgusa. Basi mwombe afanye jambo moja. Asimame mbele ya kioo, aseme "baba", kisha "mama", kisha "papa", bila kutoa sauti. Midomo itafanya kitu kilekile mara zote tatu. Hiyo ndiyo kazi anayompa binti yake kila jioni, na mtoto anaifanya kwa uvumilivu mkubwa. Kisha muulize, kwa upole na mkiwa wawili tu, ni jambo gani angependa sana kulisikia kutoka kwa bintiye. Nadhani jibu lake halitakuwa "maji".

Kuhusu shimesikio, rudini kliniki mkaulize mambo mawili. Kwanza, zilipimwa lini mara ya mwisho? Sikio la mtoto linakua, na ile sehemu inayoingia sikioni isipobadilishwa inalegea na sauti inavuja. Pili, mwambieni mtaalamu aseme wazi kifaa hicho kinaweza kumfikisha wapi. Shimesikio hukuza sauti, lakini sikio la ndani likiwa limeharibika sana, sauti iliyokuzwa inaweza kufika kubwa na bado isieleweke. Huenda mtu atawatajia pia upasuaji wa kuweka kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachopandikizwa katika sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti. Hilo nalo muulizeni daktari bingwa, mkijua kwamba wanaofaidika zaidi ni waliowekewa mapema sana, na kwamba homa ya uti wa mgongo wakati mwingine huacha mfupa umeota ndani ya koklea na kuufanya upasuaji kuwa mgumu. Ulizeni, lakini lugha isisubiri majibu ya hospitali.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yenu. Kwa ninavyoona haziishii mbili.

Kubaki mlipo kuna thamani yake. Analala kwao, anakua na kaka yake, anajulikana na majirani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi nyingi sana zimeuridhia, unasema katika kifungu cha 24 kwamba mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma pamoja na wengine na kupewa msaada anaouhitaji. Kifungu hichohicho kinazitaka serikali kuwasaidia watoto kujifunza lugha ya alama na kuajiri walimu wanaoijua. Kwa hiyo mkibaki, mnayo haki ya kudai mwalimu au mkalimani wa lugha ya alama. Nisikufiche, katika shule nyingi haki hiyo imeishia kwenye karatasi. Umeandika "nibaki naye hapa", nami nakuuliza kwa upendo: darasani, yuko na nani? Dawati la mbele halimfikishi kwa mwalimu kama hakuna anachokielewa. Kubaki bila kubadilisha kitu ni uamuzi pia, na una gharama yake, kwa kuwa lugha ya kwanza hushika vizuri zaidi mtoto angali mdogo na miaka yake inakwenda.

Bwenini atapata alichokiona kliniki: watoto wenzake, utani, ugomvi na kupatana, mwalimu anayemuuliza swali na kusubiri jibu. Lakini shule kuitwa ya viziwi hakuhakikishi kwamba kila anayefanya kazi humo anaijua lugha yao. Nendeni mkaione kabla ya kujibu, na msiishie ofisini. Angalieni kama kuna walimu ambao wenyewe ni viziwi. Tazameni mlezi wa bweni anavyozungumza na watoto jioni, maana kuna mahali mwalimu anajua lugha ya alama na mlezi wa usiku haijui. Ulizeni kama wanafunzi wanafanya mitihani sawa na watoto wengine au wanafundishwa kazi za mikono tu kwa kudhaniwa kwamba hawawezi zaidi. Ulizeni anakuja nyumbani mara ngapi, na kama mnaweza kumwona kwa simu ya video.

Hofu yako ya kuharibiwa si ya kuwaziwa. Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani ulionyesha kwamba watoto wenye ulemavu wanakabiliwa na ukatili zaidi ya mara 3 kuliko wasio na ulemavu. Waulizeni wazi kabisa: mtoto akiguswa vibaya anamweleza nani, na huyo mtu anaelewa lugha yake? Wakijibu kwa hasira au kwa kuzungukazunguka, hilo limekuwa jibu. Ila usiipe hofu hiyo bweni peke yake. Mtoto asiyeweza kusimulia yuko hatarini njiani, shuleni alipo sasa, hata katika nyumba za ndugu. Anachohitaji, popote atakapokuwa, ni majina ya viungo vyake vyote vya mwili, ishara ya "sitaki", na namna ya kuonyesha nani, wapi na lini. Hayo unaweza kuanza kumfundisha wiki hii kwa picha na kwa ishara mlizo nazo.

Kuna hatari nyingine ya bweni ambayo hukuitaja, nami naiogopa karibu sawa na hiyo. Atakwenda, atapata lugha, atarudi likizo mikono yake imejaa habari, na nyumbani hakuna wa kuzipokea. Familia nyingi zimempoteza mtoto kwa njia hiyo bila mtu yeyote kukosa upendo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wazazi wengi wanaanza kama ninyi, bila kujua ishara hata moja. Mkimpeleka, na ninyi mnakwenda shule: wewe, baba yake, kaka yake, hata mama mkwe. Bibi anayejua kumwambia mjukuu "njoo ukae hapa nikuambie kitu" kwa mikono yake hatakuwa na haja ya kuuliza nani amemchoka nani.

Katikati ya hizo mbili ziko njia ambazo mwalimu mkuu hakuzitaja, labda hazijui. Mahali pengine shule za kawaida zina kitengo cha watoto viziwi wachache chenye mwalimu wao, na mtoto anarudi nyumbani kila siku. Ulizeni ofisi ya elimu, na ulizeni chama cha viziwi, kwa sababu wao hujua shule ipi inafundisha kweli na ipi ina jina tu. Kitengo kama hicho kikipatikana mbali kidogo, itabidi mpime kama familia inaweza kuhama, na kuhama kunagusa kazi na shule ya kijana wako. Mnaweza pia kuomba nafasi ya bweni isogezwe muhula mmoja, na katika muda huo mtafute mtu mzima kiziwi awe anakuja nyumbani kuwafundisha nyote. Naipenda njia hii, lakini naijua pia kasoro yake: muhula mmoja huzaa mwingine, na nafasi iliyopo leo inaweza isiwepo tena. Yule mama wa kliniki angekuwa mtu mzuri sana wa kuanza naye. Wahudumu wa kliniki wanaweza kumfikishia salamu zako.

Na ile hasira ya njiani? Sidhani kuna uliyemkasirikia. Umekuwa dunia nzima ya mtoto huyu kwa miaka, kisha ndani ya saa moja mgeni akampa kitu ambacho wewe, pamoja na kukesha kote, hujaweza kumpa. Inauma. Lakini yule mama alikuwa na lugha tu, na lugha hufundishika, hata kwa mtu mzima mwenye shughuli nyingi.

Katika yote haya hakuna aliyemuuliza binti mwenyewe. Najua utasema hawezi kuelewa swali. Huenda hawezi kwa maneno, lakini mkienda kuiona shule, nendeni naye, akae kutwa nzima, acheze, ale nao, aone vitanda. Rudini na picha za pale na za nyumbani. Kisha mtazame anashika zipi, anazikimbia zipi, anakuonyesha nini. Jibu lake lisiwe uamuzi wote, kwa kuwa ni mtoto, lakini liwepo mezani mtakapokaa wewe na baba yake.

Nimemwacha kijana wako mwisho kwa sababu kwake siwezi kusema "mpime wenyewe". Kazi anayoifanya ni ya mtu mzima anayelipwa, na inapaswa kukoma bila kusubiri mtakaloamua kuhusu bweni. Nenda kwa mwalimu mkuu ukubaliane naye kwamba haitwi tena kutoka darasani, labda kwa dharura ya ugonjwa. Mwalimu wa binti yako atapata tabu, ndiyo. Tabu hiyo huenda ndiyo itakayoisukuma shule kutafuta msaada unaostahili. Darasa la pili nalo linaweza kufundishwa ishara chache, na watoto wa umri huo hujifunza upesi na kwa furaha. Katika kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani, tangu miaka ya 1700 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1900, viziwi walikuwa wengi kiasi kwamba majirani zao wanaosikia nao walitumia lugha ya alama katika shughuli za kila siku. Watu wakitaka, inawezekana.

Kisha kaa naye peke yenu. Fikiria mambo yalivyofuatana machoni pake: ameomba ahamishwe kwa sababu ya mdogo wake, na punde anasikia mdogo wake anapelekwa mbali. Ataona ni yeye aliyemfukuza, na hatakwambia. Kwa hiyo mweleze mapema kwamba habari ya bweni ililetwa na mwalimu mkuu, kwamba wakubwa ndio wanaoamua, na kwamba mtihani ule hakustahili kuukosa. Mruhusu aseme kwamba amechoka bila wewe kumkumbusha kuwa ni kaka mwema. Akisema wakati mwingine anamchukia mdogo wake, usishtuke wala usimrekebishe. Na ukipata mwalimu wa lugha ya alama, mwulize kijana wako kama angependa kujifunza, ukiwa tayari kwa jibu la hapana.